Asante ya Kiitaliano

Joëlle alifika mtaa wa Golf akihema, mkoba unamchapa mbavu, na furaha imemjaa tele.

Siku hiyo hakutakiwa kuwa pale kabisa. Alitakiwa kuwa Kasumbalesa, mpakani, katika ofisi ya wakala wa forodha anakoandika makaratasi ya malori, na alikuwa amekwisha kumwambia Guelor: chéri, unisamehe, sitaweza kufika kukusikiliza. Lakini saa nne asubuhi mashine za forodha zilizima zote kwa mpigo, mkubwa wake akawaambia waende makwao, naye hakungoja kuambiwa mara mbili. Njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake, hadi dereva akamuuliza kama ametoka kuolewa.

"Bado kidogo," akamjibu.

Alichokuwa anakikimbilia ni hiki: kumsikia mchumba wake akishukuru kwa Kiitaliano mbele ya watu mia mbili.

Na Kiitaliano chenyewe kilitoka kinywani mwake yeye. Joëlle alisomeshwa na masista wa Kiitaliano miaka sita. Guelor alikuwa fundi wa miguu ya bandia, na karakana yao ilipata mashine zake kutoka kwa chama kimoja cha Torino. Sasa mwenyekiti wa chama, Signora Bertazzi, mama wa miaka sabini na kitu, alikuwa amekuja kujionea kwa macho yake. Wakamwandalia hafla katika bustani ya nyumba moja kubwa pale Golf, na mafundi wakamchagua Guelor atoe shukrani. Kifaransa kingetosha, Signora anakisikia vizuri. Guelor ndiye aliyekataa.

"Kifaransa ni cha kila muntu," alisema. "Miye nataka asante imufikie mu luga ya mama yake."

Kwa neno hilo Joëlle alimpenda upya. Wiki tatu nzima, kila jioni kabla ya giza, walikaa barazani kwa mama yake huko Kasungami, sahani ya karanga katikati yao, akamfundisha.

"Hapana kusema grazie peke yake," alimwambia. "Grazie ni ya muntu amekupisha ku mulango. Mama mukubwa kama ule unamwambia La ringrazio di cuore, nakushukuru kwa roho yote. Unasimama sawasawa, unainamisha kichwa kidogo, basi."

"Bila kupiga makofi?"

"Bila makofi."

"Bila magoti? Asante gani hiyo?"

"Guelor, ukipiga magoti ule mama ataita docteur."

Wakacheka hadi karanga zikamwagika. Halafu jioni moja Guelor akamuuliza kitu kingine, polepole, macho yako chini: "Na kama muntu amekufungulia mulango ya nyumba yake, amekupokea sawa mutoto wake, unamushukuru namna gani?"

Joëlle akaacha kutafuna karanga. Maana siku tatu tu kabla ya hapo bukombe, mshenga wa akina Guelor, alikuwa ameleta sahani mbili nyeupe zilizofunikana, ndani zina shanga za nsalamu, ishara ya posa, kama desturi ya kina mama yake inavyotaka, na mama mwenyewe, Mama Chisanga, akazipokea. Sahani zikipokelewa, mwanaume amefunguliwa mlango. Zikirudishwa, mlango umefungwa na mambo yameisha. Basi Joëlle akajua, akajua kabisa, kwamba Guelor anatafuta maneno ya kumshukuru mama mkwe wake. Akampa sentensi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo: Le sono infinitamente grato per avermi aperto la porta di casa Sua. Nakushukuru bila mwisho kwa kunifungulia mlango wa nyumba yako. Guelor akairudia mara ishirini, mpaka ikakaa sawa mdomoni. Mara ya mwisho alimtazama Joëlle kwa muda mrefu, kisha akageuza uso. Masikini Joëlle akadhani ni haya ya mapenzi.

*

Mama Chisanga alikuwa kiti cha mbele, pamoja na wote waliovaa miguu ya karakana ile. Wake wa kushoto uliondoka miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa sukari, na aliyempimia mpya, akauchonga, akaurekebisha mara tano mpaka ukaacha kumchoma, alikuwa Guelor. Ndipo vijana walipoonana kwa mara ya kwanza: huyu kapiga magoti anafunga mikanda ya mguu wa mama, yule kasimama ameshika mkoba wa mama. Joëlle alijipenyeza akakaa pembeni yake, amezibwa na mama mmoja aliyefunga kilemba kikubwa kama kikapu.

"We! Si uko Kasumbalesa?" Mama Chisanga alinong'ona.

"Nimetoroka. Nyamaza, anaanza."

Guelor alisimama. Suti ya buluu, shingo imenyooka, karatasi mkononi. Hakumwona Joëlle. "Gentile Signora Bertazzi," akaanza, na bustani nzima ikanyamaza. Wazungu walioketi meza kuu wakainua nyuso kwa mshangao. Joëlle alikuwa anatembeza midomo pamoja naye, neno kwa neno. La ringrazio kwa mashine. La ringrazio kwa walimu. Kwa niaba ya mafundi kumi na wawili, kwa niaba ya wote wanaotembea leo. Alitamka kila kitu sawa. Joëlle aliona fahari hata akataka kulia.

Basi hapo ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo Joëlle alipoandika nukta ya mwisho kwa mkono wake.

Guelor akageuza karatasi.

Nyuma kulikuwa na maneno ambayo Joëlle hakuyaandika. Guelor alimshukuru Signora kwa nafasi ya kusoma Torino. Miaka mitatu. Alimshukuru kwa visa, kwa tiketi, kwa chumba ambacho Signora amemtengea katika nyumba yake mwenyewe. Alisema tarehe kumi na tisa, akipanda ndege, atakuwa amewabeba wote moyoni. Leo ilikuwa tarehe kumi na tatu. Kisha akainamisha kichwa kidogo, sawasawa kama alivyofundishwa, na kutoa ile sentensi nzuri kuliko zote: nakushukuru bila mwisho kwa kunifungulia mlango wa nyumba yako.

Bustani ikalipuka kwa makofi. Watu mia mbili, na walioelewa ni wazungu sita, mkalimani wao na Joëlle.

"Eh, mutoto iko na sauti!" Mama Chisanga alikuwa anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. "Amesema nini ku mwisho? Bazungu banafurahi sana."

"Anashukuru, Mama."

"Nayua anashukuru. Anashukuru nini?"

"Mashini."

"Mashini tu? Nimesikia Torino, Torino. We, mbona hupigi makofi? Joëlle, niangalie. Amesema nini?"

Joëlle alimwinamia sikioni. Akasema kwa sauti ndogo, maneno yakimtoka moja moja: "Anasema anaenda. Jumatatu. Miaka tatu."

Mikono ya Mama Chisanga ilibaki hewani.

Joëlle hakupata hata nafasi ya kupumua. Signora Bertazzi alikuwa anapita kusalimia safu ya mbele, na mkalimani wake akamnong'oneza kwamba yule pale ndiye fidanzata, mchumba wa fundi, na ndiye mwalimu wake. Mama wa watu akafungua mikono yote miwili. Alimshika Joëlle vidole, macho yamemlenga, akamwambia kwa Kiitaliano: "Signorina, kumbe ni wewe! Guelor ameniambia habari zako kila wiki. Ameniambia umekubali kumngojea kwa moyo mkunjufu. La ringrazio di cuore. Najua ni sadaka kubwa."

Kila wiki! Mzungu wa Torino anasimuliwa kila wiki, na mwenye mali hana habari. Damu ilimchemka Joëlle hadi masikio yakamwasha. Angeweza kupiga kelele pale pale, na kwa Kiitaliano cha kutosha. Lakini masista hawakumlea hivyo, mama yake ndio kabisa. Alisimama wima. Akainamisha kichwa kidogo.

"Sono io che ringrazio Lei, Signora," alisema. Ni mimi ninayekushukuru wewe. Alitabasamu huku kucha zimezama kwenye kiganja.

Alipoinua uso akamwona Guelor amesimama nyuma ya Signora, glasi mkononi. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akawa mweupe kama mtu aliyeangukiwa na unga.

*

Walikwenda nyuma ya nyumba, kando ya tanki la maji, mahali ambapo wapishi walikuwa wameegesha masanduku ya vinywaji. Kitu cha kwanza kilichomtoka Guelor kilikuwa hiki:

"Umefika saa ngapi?"

"Njo swali yako hiyo?" Joëlle alicheka kicheko kibaya. "Unaniuliza saa? Bon. Nimefika saa ya kusikia yote."

"Ngoya nikuelezee."

"Elezea. Anza na visa. Uliipata lini?"

Guelor aligeuza glasi mkononi.

"Guelor, visa uliipata lini?"

"Iko… wiki tatu."

"Wiki tatu! Donc siku ile tunaanza kujifunza, passeport iko mu mufuko yako. Unakula karanga za mama yangu na passeport iko mu mufuko. Na bukombe? Ulimutuma ku mama yangu na sahani, nawe unayua unaenda?"

"Nilituma sahani juu nakupenda. Nilitaka nikienda, ukuwe wangu tayari."

"Ah, vraiment! Ulinifunga kamba sawa mbuzi, halafu weye unaenda kutembea!"

"Joëlle, tafazali. Bantu banasikia."

"Basikie! Si unapenda kusema mbele ya bantu? Tena na kichwa chini, na La ringrazio." Machozi yalikuwa yanamjia na aliyachukia, akayafuta kwa mgongo wa mkono kama anaua mbu. "Ungeniambia siku gani? Sema ukweli, mara moja tu katika maisha yako."

Guelor alitazama viatu vyake. "Ku aeroport. Ningekupigia simu nikifika ku aeroport."

Jamani! Joëlle alimtazama mwanaume aliyefikiri kwamba miaka mitatu inaagwa kwa simu, kati ya kupima mizigo na kupanda ngazi.

"Ni mama," Guelor aliendelea haraka haraka. "Mama alinilisha kiapo. Unayua habari ya yaya Osée."

Joëlle aliijua. Nani hakuijua? Osée, kaka mkubwa wa Guelor, alipata kazi Afrika Kusini miaka minane iliyopita. Mama yao, Mama Kiki, alichinja mbuzi wawili, akafunga hema barabarani, mtaa mzima ukala na kucheza. Siku nne baadaye kijana akashikwa na homa, na maiti yake ikalazwa chini ya hema lile lile. Tangu hapo Mama Kiki ana neno moja: safari haitajwi. Wala hayuko peke yake. Katika mji huu watu wanaficha safari kama sufuria ya nyama. Unagombana na jirani leo juu ya kuku, kesho kutwa unaona picha yake WhatsApp, kavaa koti, anakanyaga theluji ya Kanada. Joëlle mwenyewe alikuwa akilicheka jambo hilo. Leo halikuchekesha.

"Nayua ya Osée," alisema. "Nilimulilia na miye. Sasa nijibu. Bantu banaficha safari juu ya kuogopa nani?"

"Juu ya… bantu babaya. Bantu ba wivu."

"Sema neno lenyewe."

"Joëlle…"

"Bachawi! Banaficha juu ya bachawi. Sawa. Signora anayua. Mama yako anayua. Dada yako Kiki anayua. Mafundi wenzako?"

"Laurent tu."

"Hata Laurent! Mu hii muji muzima, nani hayui? Miye na mama yangu. Donc bachawi njo sisi."

"Hapana! Sikufikiria hivyo, naapa!"

"Hukufikiria, lakini njo vile ulifanya! Mama yangu anatembea ku muguu uliutengeneza weye. Kila asubui akiuvaa anataja jina yako kwa Mungu. Leo amekupigia makofi mpaka mikono ikauma, Guelor, na hayui anapigia nini. Miye njo nilimutafsiria!" Akayafuta macho tena. "Ungesema tu, nimepata nafasi, naenda. Ningelia siku mbili. Siku ya tatu ningekushonea shati ya baridi. Unayua ningefanya vile."

"Nayua."

"Unayua! Na ile sentensi ya mulango. Niliitoa hapa." Alijipiga kifuani. "Nilifikiri ni ya mama. Ukaibeba ukamupa mwingine."

Guelor alinyoosha mkono. Kwa dakika moja macho yao yalikutana, na yote yalikuwa mle ndani bado, zile jioni, ule mkono wake mpana wenye makovu ya patasi ambao Joëlle angeutambua gizani kati ya mikono elfu. Kama angeugusa, angekwisha. Kwa hiyo akarudi nyuma hatua moja, akanyoosha shingo, akainamisha kichwa kidogo.

"Signor Guelor," alisema kwa Kiitaliano, sauti baridi, kila silabi mahali pake. "La ringrazio della Sua gentile attenzione. Distinti saluti."

Nakushukuru kwa kunisikiliza, salamu za heshima: ndivyo anavyofunga barua kwa kampuni zilizochelewesha mzigo. Guelor alilijua hilo, Joëlle mwenyewe alikuwa amemfundisha wakicheka: hii ni asante ya kumuambia muntu aondoke. Alisimama pale kama aliyepigwa kibao.

"Kesho asubui mujomba Kasonde atarudisha sahani," Joëlle aliongeza kwa Kiswahili, ili jambo lisibaki na shaka. Akaenda kumchukua mama yake.

*

Asubuhi sahani zilikuwa mezani, zimefungwa katika kitenge. Mjomba Kasonde, kaka wa Mama Chisanga, alikuwa ameketi na kofia magotini, hapendi safari aliyopewa. Joëlle hakulala, macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amechana nywele kama mtu anayekwenda mahakamani.

"Na huu muguu?" Mama Chisanga aliuliza kutoka kwenye kiti chake. "Tunarudisha nao? Juu njo yeye aliutengeneza."

"Mama, hapana kunichekesha. Niko na hasira."

"Hata miye niko nayo, tena mingi kukushinda weye. Asante ya punda ni mateke, nilisikia, sikuyua kama atanipiga na muguu yake mwenyewe. Nauliza tu."

Hodi ikapigwa. Alikuwa Guelor, peke yake, shati lile lile la jana, limekunjamana.

"Bukombe wako iko wapi?" mjomba Kasonde alifoka. Desturi ni desturi: mwanaume haji mwenyewe kwa wakwe mambo yakiharibika. "Unakuya na mudomo yako mwenyewe, hauna haya?"

"Haya niko nayo, mujomba. Njo maana nimekuya mwenyewe."

Akapiga magoti mlangoni, kwenye sementi. Joëlle alimgeuzia mgongo, akashika kitasa cha kabati kwa nguvu. Hakutoka chumbani lakini. Tuseme ukweli, alitaka kusikia.

Guelor alizungumza kwa sauti kubwa, kubwa mno kwa chumba kile. Jirani aliyekuwa anachambua maharage nje ya ua akaacha kuchambua.

"Mama Chisanga. Mujomba Kasonde. Joëlle. Naenda Italia. Muji unaitwa Torino. Ndege ni Jumatatu, tarehe kumi na tisa, saa nane ya muchana. Itapita Addis. Nitakaa miaka tatu, nitajifunza kutengeneza miguu ya batoto, ile inakuwa pamoja nao. Nimeambia ninyi leo. Nilipashwa kuambia ninyi wa kwanza."

Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Joëlle alikuwa amegeuka, akaliona. Mwanaume mzima, mwenye diploma, anaogopa. Tangu Osée azikwe, hakuna mtu wa nyumba yao aliyewahi kutaja safari kwa sauti, kwa lugha ya majirani. Kila neno alilolitoa pale alikuwa analitoa akiwa na jeneza la kaka yake machoni.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa pasipoti, akaisogeza sakafuni mpaka kwenye mguu wa Mama Chisanga, ule aliouchonga.

"Ikae hapa," alisema. "Visa iko ndani. Nilificha safari sawa hii nyumba inaweza kunitendea mubaya. Sasa njia yangu yote iko mu mikono yenu. Sibebi hata kopi."

Mjomba Kasonde akavua miwani, akaivaa tena.

Halafu Guelor akakutanisha viganja, akavikunja kidogo, akapiga makofi mazito ya polepole, kama wazee wanavyoshukuru, kichwa kimeinama mpaka karibu na sementi. "Mama, asante ya baraza. Asante ya karanga. Asante ya kunifungulia mulango. Hii njo ilikuwa yako, nikaipeleka kwengine. Unisamehe."

Mama Chisanga alikuwa anakuna goti, uso umegeukia dirishani, na Joëlle alijua maana yake, mama analia na hataki aonekane. Joëlle mwenyewe akakimbilia hasira.

"Umemaliza?" alimuuliza Guelor.

"Nimemaliza."

"Basi simama, unachafua suruali. Na usifikiri nimekusamehe. Sikukusamehe." Aliinama, akaokota pasipoti. "Weye umesema. Ni muzuri. Lakini hukuwa peke yako kuficha. Mama yako njo alisema kama sisi ni bantu ba kuogopwa. Jumapili akuye hapa."

Guelor alikodoa macho. "Mama? Hapa?"

"Hapa. Akae ku ile kiti. Akule bukari ya mama yangu, anywe munkoyo ya mama yangu, mbele ya mujomba, siku moja mbele ya ndege. Akimaliza kula, atachukua passeport na mukono yake mwenyewe, atakupa."

"Joëlle, unamuyua mama. Tangu Osée, ikifika wiki ya safari hakuli hata kwa dada yake."

"Nayua. Njo maana nasema akule."

"Na akikatala?"

Joëlle alinyoosha shingo. "Akikatala, Jumatatu muambie rubani La ringrazio di cuore, uinamishe kichwa kidogo. Utaona kama atakupandisha."

Mjomba Kasonde alikohoa kicheko, akakimeza. Guelor alimtazama Joëlle kwa muda mrefu, na safari hii hakugeuza uso. Aliona macho mekundu, nywele zilizochanwa, midomo iliyobanwa isitetemeke. Akaitikia kwa kichwa. Akaaga wakubwa, akatoka, na wote wakasikia hatua zake zikikimbia kuelekea barabarani.

Joëlle alifungua kitenge. Akainua sahani ya juu, akalaza pasipoti juu ya shanga za nsalamu, akafunika, akaziingiza kabatini na kugeuza ufunguo.

"Mutoto," Mama Chisanga alimwita baadaye, mjomba alipokwisha kuondoka. "Utamunyima kweli? Kama Mama Kiki hakuye?"

"Hapana, Mama. Siwezi kumufungia muntu njia yake. Jumatatu nitaibeba miye mwenyewe ku aeroport, nitamupa mu mukono."

"Ah. Basi ni vizuri."

"Lakini nitamupa vyote pamoja. Na sahani zake."

Mama Chisanga akasugua goti lake. Ilikuwa haki, na alijua binti yake hatanii. Joëlle alisimama pale mbele ya kabati, ufunguo ameukunja kiganjani, mgongo umenyooka, bado amekasirika na atakuwa amekasirika siku zote tano. Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Mama, unga ya bukari itatosha Jumapili, ao ninunue ingine?"